Vijana na kifua kikuu: Kasoro imo katika maswali yetu

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ina hekima, ila lawama yote humtwika mgonjwa. Yeye ndiye aliyeficha, yeye ndiye aliyeumbuka. Nionavyo mimi, upo upande wa pili ambao hatuusemi. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuficha jambo aliloulizwa kwa maneno asiyoyaelewa. Mintarafu ya kifua kikuu, au TB kama wengi tunavyouita ugonjwa huo, nadiriki kusema kwamba wengi wa vijana wetu walio shuleni hawafichi chochote. Sisi watu wazima ndio ambao hatujajifunza kuwauliza.

Yapo mazoea ya kudhani kwamba kifua kikuu ni maradhi ya wazee, wafungwa na walevi. Dhana hiyo ni potovu. Wataalamu wa tiba wanatueleza kwamba mtoto wa kati ya miaka mitano na kumi, hata akiambukizwa, ni nadra kuugua. Lakini abalehepo, hatari hupanda. Isitoshe, kijana huugua kama mtu mzima: mapafu huliwa yakawa na matundu, na kila akohoapo viini hutawanyika hewani. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba takriban vijana milioni 1.8 wa umri wa miaka 10 hadi 24 huugua kwa mwaka mmoja ulimwenguni. Sasa mtie kijana mmoja wa aina hiyo katika bweni lenye vitanda vya ghorofa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi ya usiku, ndipo utaelewa kwa nini jambo hili linamhusu kila mwalimu.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Huko Siaya, watafiti waliwachunguza vijana wapatao 5,000 wa umri wa miaka 12 hadi 18, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2015. Karibu theluthi moja ya waliopimwa kwa kipimo cha ngozi walionyesha ishara ya kuambukizwa viini vya TB. Hata hivyo, waliothibitishwa kuwa na TB ya mapafu, baada ya viini kuoteshwa maabarani kutoka kwenye makohozi yao, walikuwa 16. Na ni mgonjwa mmoja tu ambaye viini vyake vilionekana kwa hadubini, njia ambayo hospitali zetu ziliitegemea kwa miaka mingi. Watafiti hao walihitimisha kwamba wengi wa vijana wagonjwa hawagunduliwi na huduma za kawaida.

Tuzitafakari hesabu hizo. Waliokuwa na ishara ya maambukizi walizidi 1,500, ilhali waliothibitishwa kuwa wagonjwa walikuwa 16. Tofauti baina ya makundi hayo mawili ndiyo kiini cha uchunguzi wote, nayo imebebwa na vitenzi viwili vya lugha yetu: kuambukizwa na kuugua. Aliyeambukizwa tu ana viini vilivyolala mwilini. Haumwi, wala hamwambukizi jirani yake. Kati ya watu 100 wa namna hiyo, ni 5 hadi 10 hivi watakaougua maishani mwao, ingawa hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya Ukimwi. Anayeugua ndiye ambaye viini vyake vimeamka.

Kipimo cha ngozi kina historia ndefu. Robert Koch, Mjerumani aliyetangaza ugunduzi wa kiini cha TB mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, ndiye aliyetengeneza tuberkulini mwaka 1890 akitumaini kwamba ingekuwa dawa. Haikuponya mtu, lakini ilifaa kwa kupimia. Mwaka 1908 Mfaransa Charles Mantoux alieleza namna ya kuidunga ndani ya ngozi, na njia yake ingali inatumika. Baada ya saa 48 hadi 72 mhudumu hupapasa mahali palipodungwa na kupima kwa milimita upana wa uvimbe mgumu. Wekundu hauhesabiwi. Aidha, chanjo ya BCG, ambayo watoto wetu hupewa wazaliwapo, yaweza kuufanya mkono uvimbe ingawa mtu hajaambukizwa. Kipo kipimo cha damu kisichobabaishwa na chanjo hiyo, lakini nacho, sawa na kile cha ngozi, hakiwezi kutofautisha viini vilivyolala na vilivyoamka. Kwa kazi hiyo tunahitaji picha ya kifua na makohozi. Na kwa kuwa hakuna shule iwezayo kumpiga kila mwanafunzi picha kila muhula, hatua ya kwanza hubaki kuwa maswali.

Hapo ndipo mwanaisimu anapopata la kusema. Maswali yanayotumiwa mahali pengi ni manne: kikohozi, homa, kupungua uzito na kutokwa na jasho usiku. Kwa daktari ni maneno mepesi. Kwa kijana wa Kenya kila moja lina mtego wake.

Tuanze na homa. Mwanafunzi wetu akisema ana homa, aghalabu ana maana ya mafua: pua inayotiririka, chafya na koo linalowasha. Kwa Kiswahili sanifu, na kwa jirani zetu wa Tanzania, homa ni joto la mwili kupanda. Muuguzi akiuliza, "Una homa?" kijana ambaye mwili wake huchemka kila jioni, lakini pua yake ni kavu, atajibu la, naye atakuwa amesema kweli kwa lugha yake. Heri aulizwe kama mwili wake hupata joto jioni.

Chukua kikohozi. Kiambishi "na" katika "unakohoa" chaweza kutaja wakati huu huu au siku hizi kwa jumla. Kijana ambaye hakohoi akiwa mbele ya muuguzi ana haki ya kujibu kwamba hakohoi. Afadhali aulizwe: "Tangu shule ifunguliwe, umekuwa ukikohoa? Kwa muda gani?" Kuhusu uzito, ni wanafunzi wangapi wajuao walikuwa na kilo ngapi muhula uliopita? Lakini kila mmoja anajua kama sketi au suruali yake imelegea kiunoni. Nalo jasho, katika bweni la Mombasa au Kisumu wakati wa joto, ni la kila mtu. Swali la maana ni kama yeye huamka shuka zimelowa ilhali mwenzake wa kitanda cha juu ni mkavu.

Liko pia swali la tano, la hatari ya kuambukizwa: "Je, nyumbani kuna mtu mwenye TB?" Kwa Wakenya wengi, nyumbani ni kijijini walikozaliwa wazazi. Kijana anayekaa mjini kwa shangazi yake, akilala chumba kimoja na binamu aliyeanza dawa majuzi, atamfikiria babu na nyanya walioko mashambani, aseme hakuna. Tungemuuliza alilala wapi wakati wa likizo na ni nani aliyekuwa akikohoa humo, tungepata jibu jingine.

Hata kutoa matokeo kuna lugha yake. Kijana akiambiwa kwamba matokeo ni "chanya", huenda akadhani ni habari njema, maana ndivyo neno hilo litumikavyo katika hotuba na magazeti, au akadhani amepatikana na virusi vya Ukimwi. Yote mawili siyo. Aambiwe kwa maneno ya wazi: inaelekea viini vimeingia mwilini mwako, hiyo si kusema unaugua, sasa tutahakikisha kwamba havijaamka.

Vilevile tuepuke neno mshukiwa. Mshukiwa ni mtu aliyekamatwa na polisi. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliacha kuwaita wanaochunguzwa kwa jina la namna hiyo katika miongozo yake ya mwaka 2013, likachagua istilahi isiyonuka jinai. Mwanafunzi anayeitwa mshukiwa mbele ya wenzake atajifunza jambo moja tu, nalo ni kujibu hapana safari ijayo. Kwa sababu hiyo hiyo, maswali haya hayaulizwi gwarideni wala darasani mbele ya watu. Huulizwa faraghani.

Kuna watakaosema kwamba haya ni ya madaktari, na kwamba mwalimu wa lugha abaki na ngeli zake. Wengine watasema kwamba vijana wa sekondari wanajua Kiingereza, basi fomu ya Kiingereza yatosha. Nawajibu kwamba kijana aweza kupata alama nzuri katika insha ya Kiingereza na bado asiweze kuueleza mwili wake kwa lugha hiyo, kwani maumivu tulijifunza kuyataja kwa lugha za mama zetu. Nakubali pia kwamba maswali mazuri pekee hayatoshi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wapo wagonjwa wasio na dalili za kawaida, ambao hugunduliwa kwa picha ya kifua. Lakini aliye na dalili, akakosa kutambuliwa kwa sababu ya neno homa, huyo tumempoteza sisi.

Napendekeza kwa hivyo kwamba Wizara ya Afya na ile ya Elimu ziwaalike walimu wa Kiswahili wazipitie fomu za uchunguzi, na maswali yajaribiwe kwa wanafunzi wachache kabla ya kusambazwa. Ninyi walimu wa mabweni, kikohozi kinachopita wiki mbili kisitulizwe kwa dawa za dukani. Mpelekeni mtoto hospitalini. Nanyi wanafunzi, jueni kwamba TB hutibika. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, dawa hutolewa bila malipo katika hospitali za umma, na aanzaye kuzinywa ipasavyo hukoma kuwa hatari kwa wenzake mapema, kabla hajazimaliza. Wapo pia walioambukizwa tu ambao hupewa dawa za kuzuia viini visiamke.

Mgonjwa ana wajibu wa kusema. Lakini kabla hatujamsomea methali, tuwe na hakika kwamba tulimuuliza kwa lugha yake.