Kabla ya Kupunguza Matiti, Tafuta wa Kukubebea Gunia

Kutoka Kavumu hadi Bukavu, huku kwetu Kivu, ni takriban kilomita 30. Alfajiri, kwenye barabara ya taifa namba 2, utawaona akina mama wakielekea soko la Mudaka, wameinama, gunia la unga au la makaa mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Mmoja wao akisema shingo inamuuma, hakuna anayeshangaa. Lakini wapo ambao wakishatua gunia hubaki na mzigo mwingine kifuani, na huo hautuliwi jioni. Matiti yao ni mazito kupita kiasi.

Wengi wao wakithubutu kuulizia upasuaji wa kuyapunguza huambiwa wanatafuta urembo. Si kweli, na maneno hayo huwaumiza bure. Titi zito huvuta shingo na mabega mchana kutwa. Mikanda ya sidiria, au sutieni kama tunavyosema Kivu, huchimba mifereji mabegani. Vidole hufa ganzi. Chini ya titi jasho hukusanyika, ngozi huchubuka na kuota fangasi. Kuna wasichana ambao matiti hukua ghafla, ndani ya miezi michache tu, wakati wa kubalehe. Hao hujifunga kikwembe hadi shingoni juani, na mama zao hawajui la kufanya.

Kwanza daktari apime. Titi moja likikua peke yake, au kukiwa na uvimbe, upasuaji wa kupunguza si wa kuanza nao: lazima kwanza shaka ya saratani iondolewe. Msichana husubiri hadi matiti yaache kukua, isipokuwa mateso yakiwa makubwa mno. Na mama anayetarajia kuzaa tena karibuni, ningemshauri angoje, kwa kuwa mimba huweza kuyakuza upya.

Siku ya upasuaji, daktari huchora mistari mgonjwa akiwa amesimama, maana akilala titi hubadilika umbo. Mchoro uliozoeleka duniani ulitolewa mwaka 1956 na Mmarekani Robert Wise, aliyeiga mikato ya sidiria. Kwa kweli kazi hii inafanana sana na ya fundi cherehani anayepunguza gauni: unaondoa kitambaa kilichozidi, kisha unaunganisha pande zilizobaki. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, kwa muda wa saa mbili hadi nne. Nyama na ngozi ya ziada hutolewa, mara nyingi nusu kilo au zaidi kila upande. Kwa kawaida chuchu haikatwi ikawekwa kando. Huachwa kwenye kikonyo chake cha nyama kinacholeta damu na hisia, halafu hupandishwa juu. Matiti yakiwa makubwa mno, kikonyo hakitoshi, na hapo chuchu hupandikizwa upya kama kipande cha ngozi. Kovu huzunguka chuchu, hushuka chini, na mara nyingi hupita kwenye mkunjo wa titi, kama nanga.

Hatari zake zisifichwe. Damu inaweza kuvuja, kidonda kinaweza kuingia wadudu au kuchelewa kupona hasa pale mishono inapokutana, hisia za chuchu zinaweza kupotea. Ngozi nyeusi huelekea zaidi kuota makovu yanayovimba, yaani keloidi. Aliyewahi kuyapata aseme mapema. Kunyonyesha baadaye huwezekana kwa wengine, lakini kwa wengine maziwa hupungua au hayatoki kabisa. Kwetu, ambako kopo la maziwa ya mtoto ni ghali, jambo hilo lizungumzwe na mume kabla ya kisu.

Bukavu inajulikana kwa kuwatibu wanawake. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ilijenga jina lake hapo. Hata hivyo upasuaji huu si wa kila daktari. Muulize wako: umewahi kuufanya mara ngapi, na homa ikinipanda nikiwa nyumbani, nani atanipokea?

Halafu ujipange kwa wiki sita. Kazi nyepesi huanza baada ya wiki mbili au tatu, lakini mzigo mzito, jembe na bidoni la maji hungoja wiki zote sita, la sivyo mishono huweza kufumuka. Hapa ndipo ninapowahofia wanawake wa Kavumu kuliko kwenye chumba cha upasuaji. Dada, binti au jirani akubali kwa kinywa chake kuteka maji na kwenda Mudaka badala yako, na akubali kabla hujapanda gari la kwenda Bukavu.