Domeni na Hostingi: Maneno ya Kuelewa Kabla Hujalipia Tovuti ya Biashara

Biashara yako tayari ina nambari ya tili, wateja wanalipa kwa simu, na sasa umeamua ni wakati wa kuwa na tovuti. Ukiuliza bei tu, unarushiwa maneno: domeni, hostingi, DNS, SSL. Wengi hulipa bila kuelewa wanacholipia, halafu mwaka ukiisha ndio wanagundua jina la biashara yao liko mikononi mwa mtu mwingine. Hebu tuyapitie maneno haya moja baada ya jingine.

Domeni: jina lako mtandaoni

Domeni ni ile anwani ambayo mteja huandika ili kufika kwenye tovuti yako, kama vile mfano.co.ke. Hata kama watu husema "nimenunua domeni", ukweli ni kwamba umeikodi. Unalipia mwaka mmoja au zaidi, domeni ya.com unaweza kuilipia hadi miaka 10 kwa mpigo. Maadamu umelipa, hakuna mwingine anayeweza kusajili jina hilohilo.

Sehemu ya mwisho ya jina ina maana yake. Domeni za .com zilianza 1985 na hutumika duniani kote. Zile za .ke ni za Kenya na husimamiwa na KeNIC. Ndani ya .ke kuna makundi: .co.ke ni ya biashara, .or.ke ni ya mashirika yasiyo ya faida, na .me.ke ni ya watu binafsi. Nyingine hazichukuliwi ovyo: .go.ke ni ya serikali, .ac.ke ni ya vyuo, na .sc.ke ni ya shule. Tangu 2017 unaweza pia kusajili jina fupi linaloishia na .ke peke yake.

Kampuni inayokusajilia jina huitwa msajili. Huyu ndiye utakayekuwa ukimlipa kila muda wako ukiisha.

Hostingi: mahali tovuti inapokaa

Picha za bidhaa, bei na maandishi ya tovuti yako lazima yakae kwenye kompyuta inayowaka mchana na usiku. Kompyuta hiyo huitwa seva, na kukodi nafasi ndani yake ndiko kunaitwa hostingi.

Fikiria duka. Domeni ni jina lililoandikwa kwenye bango, hostingi ni kibanda unachokodi. Unaweza kuhamia kibanda kingine na bango lako ukaenda nalo. Ndiyo maana hizi ni gharama mbili tofauti, hata kama kampuni moja inakuuzia zote kwa pamoja.

Hostingi ya bei nafuu zaidi ni ya pamoja. Ni kama ploti yenye wapangaji wengi wanaotumia tangi moja la maji: jirani akitumia sana, presha kwako inapungua. Ukitaka sehemu yako mwenyewe, kuna seva pepe, na wenye shughuli kubwa hukodi seva nzima. Kwa duka dogo linaloanza, ya pamoja hutosha. Kabla ya kulipa, uliza kama kuna bakapu, yaani nakala ya akiba ya tovuti yako, na inafanywa kila baada ya muda gani.

DNS: kitabu cha majina

Kwenye simu yako umehifadhi jina la mtu, lakini simu inapopiga inatumia nambari. Intaneti nayo hufanya hivyo. Kila seva ina nambari yake, kwa mfano 192.0.2.10, na DNS ndiyo inayolinganisha jina na nambari hiyo. Ukihama hostingi, lazima nambari ibadilishwe kwenye DNS. Mabadiliko yanaweza kuchukua saa kadhaa, wakati mwingine hata siku mbili, kabla ya kila mtu kuyaona. Usiwe na wasiwasi kama wewe unaiona tovuti mpya na rafiki yako bado anaona ya zamani.

SSL: ile alama ya kufuli

SSL hufunga mawasiliano kati ya simu ya mteja na tovuti ili mtu wa katikati asiweze kuyasoma. Utaiona kama https mwanzoni mwa anwani, na kwenye baadhi ya vivinjari kuna alama ya kufuli. Cheti cha kawaida cha SSL kinapatikana bure. Let's Encrypt wamekuwa wakivitoa bila malipo tangu 2015, na kampuni nyingi za hostingi hukuwekea bila kukutoza. Ukiambiwa ulipe zaidi, uliza unapata nini cha ziada.

Lakini shika hili: kufuli haina maana kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye anaweza kuwa na cheti.

Soma domeni kabla ya kulipa

Kama unavyosoma jina la mpokeaji kabla ya kutuma pesa, soma domeni kabla ya kulipa mtandaoni. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya https://, kisha soma kutoka hapo ukirudi kushoto. Anwani ya lipa.mfano.co.ke ni ya mwenye mfano.co.ke. Lakini mfano.co.ke.tovuti-nyingine.com ni ya mwenye tovuti-nyingine.com, hata kama imeanza na jina unalolijua. Angalia pia sifuri iliyowekwa mahali pa herufi o.

Jambo jingine: ukilipa kwa M-Pesa kwenye tovuti, ombi la PIN hutokea kwenye simu yako yenyewe. Ukurasa ukikuambia uandike PIN ndani yake, funga uondoke.

Domeni imesajiliwa kwa jina la nani?

Hapa ndipo wenye biashara wengi huumia. Fundi anatengeneza tovuti na kusajili domeni kwa jina lake na imeili yake. Mkikosana, au asipopatikana kwa simu tena, huna uwezo wa kuhama wala wa kulipia mwaka mpya. Kwa hivyo kabla hujamaliza kumlipa, hakikisha:

- Mwenye domeni ameandikwa kuwa wewe au biashara yako.
- Imeili ya akaunti ni yako, na si ile inayotumia domeni hiyohiyo, kwa sababu domeni ikizima nayo inazima.
- Una nywila ya akaunti ya msajili na ya hostingi.
- Unajua tarehe ya mwisho, na umeiweka kwenye kalenda ya simu mwezi mmoja kabla.

Muda ukipita bila kulipa, tovuti na imeili zako huzimika. Domeni ya .com iliyofutwa kwa kutolipiwa huwa na siku 30 za kuokolewa, kwa ada kubwa zaidi. Baada ya hapo jina huachiliwa na yeyote anaweza kulisajili. Ni kweli sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta inakataza kuchukua jina la mwingine mtandaoni bila haki, na adhabu ni faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini kulipa mapema ni rahisi kuliko kwenda kortini.

Ukipata ujumbe kwamba domeni yako inaisha, usibonyeze linki iliyomo. Ingia mwenyewe kwenye akaunti ya msajili uangalie tarehe. Ukilipa, tumia Paybill au tili ya kampuni, thibitisha jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na uhifadhi ujumbe wa malipo.

Kama tayari una tovuti, mpigie fundi wako leo umwulize swali moja tu: domeni yetu iko kwa jina la nani?