Hedifoni Imekata Sauti? Usimnunie Mwenzio Bure!

Kama unaishi chumba na sebule na mwenza wako, huhitaji kuambiwa thamani ya hedifoni. Yeye ana kikao cha ofisini kwenye laptopu saa mbili usiku, wewe una mechi yako. Mmoja anataka kulala, mwingine ndiyo kwanza tamthilia imenoga. Hedifoni ndiyo ukuta ambao mwenye nyumba hakuujenga.

Sasa siku ukuta huo ukianguka, hapo ndipo kasheshe inapoanza. Sauti inatoka sikio moja, au haitoki kabisa, au inatoka kwenye spika za laptopu na nyumba nzima inasikia bosi wako anavyofoka. Na swali la kwanza huwa si "tatizo ni nini?" bali "nani kaitumia mara ya mwisho?"

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye ninayepigiwa simu kwa ishu hizi. Kuna usiku shemeji alinipigia, na nyuma yake nikamsikia dada yangu akilalamika kwamba laptopu imeharibiwa makusudi. Nikamwelekeza hatua kwa hatua. Kumbe waya wa televisheni ulikuwa bado umechomekwa, na laptopu ilikuwa inapeleka sauti yote kwenye televisheni ambayo sauti yake imeshushwa hadi sifuri. Hakuna aliyeharibu kitu, lakini maneno makali yalikuwa yameshasemwa.

Ndiyo maana nasema: ushahidi kwanza, lawama baadaye. Fuata hatua hizi kwa mpangilio huu, maana zinaanza na zile za bure.

Mtafute mkosaji wa kweli

Chomeka hedifoni yako kwenye simu au redio. Ikipiga vizuri masikio yote mawili, haina kosa. Kisha chukua hedifoni nyingine uichomeke kwenye laptopu. Nayo ikigoma, basi mwenye kesi ni laptopu. Dakika mbili tu, bila senti, tayari umejua pa kuelekea.

Kama hedifoni inagoma kila mahali, washa muziki kisha uukunje waya taratibu karibu na pini. Sauti ikikatika na kurudi, waya umekatikia ndani. Mara nyingi chanzo ni kuuzungushia laptopu kwa nguvu au kuchomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika pini.

Chunguza tundu na pini

Mulika tundu kwa tochi ya simu. Vumbi na nyuzi za mfuko wa begi hujikusanya humo, pini haifiki mwisho. Zima laptopu, toa uchafu taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano na maji ni marufuku! Kisha sukuma pini hadi uisikie ikikaa sawasawa.

Kuna dalili moja inayowachanganya wengi: ala zinasikika, ila mwimbaji kapotea kama vile anaimbia kisimani. Hapo mguso mmoja wa pini haujakutana na mwenzake, na kinachobaki ni tofauti kati ya sauti ya kulia na ya kushoto. Kwa kuwa mwimbaji huwekwa katikati, yeye ndiye anayefutika. Ingiza pini vizuri.

Ikiendelea, hesabu mistari kwenye pini. Yenye mistari miwili ni ya kusikiliza tu. Yenye mitatu ina na maikrofoni, na kwenye laptopu za zamani zenye matundu mawili inaweza kusumbua. Dawa yake ni kiunganishi kidogo kinachotenganisha njia ya sauti na ya maikrofoni.

Ingia ndani ya laptopu

Kwenye Windows, bonyeza alama ya spika chini kulia na uangalie sauti inapelekwa wapi. Kama imechaguliwa televisheni au spika, chagua hedifoni. Ukiwa hapo hapo kwenye setingi za sauti, angalia mizani ya kushoto na kulia. Ikiwa upande mmoja umeshushwa hadi sifuri, sikio moja litakuwa kimya hata ununue hedifoni mpya kila wiki.

Usisahau kwamba programu za vikao kama Zoom na Teams zina uchaguzi wake wa spika na maikrofoni. Muziki unaweza kwenda hedifoni huku kikao kinaunguruma kwenye spika. Angalia kabla bosi hajasema "haloo".

Je, muziki unashuka ghafla kila unapopigiwa? Windows yenyewe ina mpangilio wa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 inapogundua mazungumzo. Unaweza kuuzima kwenye paneli ya zamani ya sauti, ukurasa wa mawasiliano.

Bado? Zima laptopu uiwashe upya. Ikigoma, fungua orodha ya vifaa, ondoa draiva ya sauti, kisha washa upya. Kwa kawaida Windows huiweka tena yenyewe.

Zile zisizo na waya

Hedifoni ya Bluetooth nayo ina vituko vyake. Kwanza hakikisha haijaunganika na simu ya mwenzio iliyo chumbani. Na kama muziki mtamu unageuka kuwa wa simu ya mezani kila kikao kinapoanza, sababu ni maikrofoni: ikiwashwa, hedifoni nyingi huhamia njia ya mazungumzo yenye ubora mdogo. Chagua maikrofoni ya laptopu yenyewe, utamu utarudi.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Umejaribu yote, na kila hedifoni ya waya inagoma? Huenda tundu limelegea. Kabla hujakubali laptopu ifunguliwe, jaribu kiunganishi cha sauti cha USB. Kina mfumo wake wa sauti, hivyo kinaliruka tundu bovu kabisa. Ukiamua kwenda kwa fundi, elewaneni bei kabla hajashika bisibisi.

Ila kitu kimoja usifanye: sikio moja likifa, usipandishe sauti kufidia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Hedifoni utanunua nyingine, sikio hununui popote.

Na raha ya hedifoni si lazima iwe kutengana. Walkman ya kwanza ya Sony, iliyotoka mwaka 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha kushusha muziki ili waongee. Kigawanyaji kidogo cha waya kinafanya hivyo hivyo kwenye laptopu yenu. Kwa hiyo mkishaimaliza kesi ya leo, chomekeni zote mbili, wekeni filamu moja. Jirani atalala, na nyie mtakuwa pamoja.