Sarajevo, Mji Unaoikumbuka Njaa

Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, umelala bondeni na milima imeuzunguka pande zote. Katika mji wa kale, mtu aweza kutembea kwa dakika chache tu kutoka msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa karne ya 16, hadi Kanisa Kuu la Wakatoliki, Kanisa Kuu la Waorthodoksi na sinagogi kongwe la Wayahudi. Adhana na kengele husikika katika mtaa mmoja.

Sisi wageni kutoka Afrika Mashariki tulishangazwa zaidi na maneno. Duka wanaliita dućan. Kahawa ni kahva, na kikombe chake kidogo kisicho na mkono ni fildžan, yaani finjani yetu hii hii! Sanduku ni sanduk, sabuni ni sapun. Waturuki, waliotawala huko kwa zaidi ya miaka 400, ndio walioyaacha maneno hayo. Kwetu yaliletwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi.

Lakini milima ile mizuri ndiyo iliyougeuza mji kuwa mtego. Tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996, majeshi ya Waserbia wa Bosnia yaliuzingira mji na kuupiga mizinga kutoka juu, huku wadunguaji wakiwalenga hata waliobeba ndoo. Ilikuwa siku 1,425. Maji na umeme vilikatika, na watu walikwenda kuchota maji kwenye kiwanda cha bia, kwa sababu kilikuwa na chemchemi yake. Akina mama walipikia majiko yaliyotengenezwa kwa makopo, wakichoma viatu vikuukuu na samani. Mwaka 2012 viti vyekundu 11,541 vilipangwa katika barabara kuu, kiti kimoja kwa kila aliyeuawa mjini humo. Viti vya watoto vilikuwa vidogo.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba majirani wote waligeukana. Chama cha hisani cha Wayahudi, La Benevolencija, kilifungua jiko la supu na duka la dawa kwa kila mtu, awe Mwislamu, Mkatoliki au Mworthodoksi. Na kuna habari za Zejneba Hardaga, ambazo kila mama anapaswa kuzisikia. Mwaka 1941, Wanazi walipoingia, yeye na mumewe, Waislamu, waliificha nyumbani kwao familia ya Kiyahudi ya Kabiljo. Wakati huo kosa hilo adhabu yake ilikuwa kifo. Zaidi ya miaka 50 baadaye, Zejneba akiwa bibi kizee ndani ya mji uliozingirwa, Wayahudi walimkumbuka. Mwaka 1994 yeye na jamaa zake walitolewa mjini wakapelekwa Israeli, na huko ndiko alikofia mwaka huohuo.

Kuna jambo lingine ambalo wenyeji hulieleza huku wakicheka. Karibu na jumba la makumbusho ya historia imesimama sanamu ya kopo kubwa la nyama, iliyowekwa mwaka 2007, yenye maandishi ya shukrani kwa jumuiya ya kimataifa. Shukrani hiyo ni kejeli! Nyama ile ya msaada, wanasema, hata mbwa na paka waliikataa. Aliyepewa chakula kibaya akiwa na njaa hukila, lakini hasahau.

Kumbukumbu hiyo tuliikuta ikifanya kazi jikoni. Tangu mwaka 2018 maelfu ya watu kutoka Afghanistan, Syria, Pakistan na kwingineko walianza kupita Bosnia wakitafuta njia ya kuingia Umoja wa Ulaya. Sisi tulifika majira ya baridi ya mwaka 2019, tukawasaidia akina mama wa mtaa mmoja waliokuwa wakipika kwa ajili ya familia zilizolala nje. Mwenyeji wetu, mjane wa makamo, aliwahi kuwa mkimbizi Ujerumani wakati wa vita. Kabla hatujashika mwiko alitupa masharti mawili. La kwanza, tuonje kila sufuria. Tusichoweza kula wenyewe kisitoke. La pili, tusimpe mtu kiatu kabla ya kumwuliza namba yake.

“Kule nilipewa viatu vya kiume,” alisema. “Nilivivaa mwaka mzima, na kila mtu aliniambia nishukuru.”

Basi tulimenya viazi, tukaloweka maharage, tukaandika namba za viatu katika daftari. Mahitaji makubwa hayakuwa mablanketi kama tulivyodhani njiani. Yalikuwa soksi za sufu, sodo za akina mama, na mahali pa kuchaji simu, maana simu ndiyo ramani na ndiyo sauti ya mama aliyebaki nyumbani.

Siku ya tatu alikuja mama wa Kiafghani na mabinti wawili. Walikuwa wamejaribu kuvuka mpaka wa Croatia wakarudishwa. Wakimbizi waliita safari hiyo “mchezo”, na neno hilo kinywani mwa mtoto wa miaka saba lilitutia baridi kuliko theluji. Tulitamani kumwambia asijaribu tena. Mwenyeji wetu alitutazama tu, akachemsha kahawa kwenye birika lake dogo la shaba, akamkaribisha mgeni kitini, akamwekea finjani na kipande cha sukari. Hakumwuliza aendako. Alimwuliza majina ya mabinti, akayarudia mpaka akayatamka vizuri.

Mama yule alikunywa taratibu. Kisha alikunja mikono ya gauni, akaenda kwenye beseni, akaosha finjani zote, zake na zetu. Hakuna aliyemzuia.

Viatu vya binti mdogo, namba 30, vilipatikana jioni kwa jirani. Asubuhi iliyofuata walipanda basi la kwenda Bihać, karibu na mpaka, na mtoto alikuwa amevivaa. Hatujapata habari zao tena.