Sanduku la Spika Ndani ya Kompyuta

Gitaa la umeme, likiachwa peke yake, halina sauti ya kutosha kujaza hata chumba kidogo. Nyuzi zake za chuma hutetemeka juu ya sumaku zilizozungushiwa waya, na mtetemo huo huzaa umeme dhaifu. Umeme huo hukuzwa na amplifaya, kisha hupelekwa kwenye spika iliyofungwa katika sanduku la mbao. Kwa hiyo sauti ambayo wapenzi wa muziki wa dansi huitambua kuwa ni ya gitaa, kwa hakika ni kazi ya vitu vitatu: nyuzi, amplifaya na sanduku la spika.

Siku hizi mpigaji aweza kuunganisha gitaa na amplifaya yake moja kwa moja na kompyuta, akarekodi bila spika yoyote. Lakini ikiwa amplifaya imezidishwa hadi sauti ikaanza kukwaruza, atakachosikia ni mvumo mkali kama wa nyuki waliochokozwa. Ni kitu gani kilichopotea? Na je, chaweza kurudishwa kwa hesabu tupu?

Spika kama chujio

Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia 20 hivi hadi 20,000 kwa sekunde. Uzi mnene kabisa wa gitaa hutoa mitetemo 82 hivi kwa sekunde. Spika ya gitaa, ambayo mara nyingi huwa na kipenyo cha inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, haikuundwa kutoa sauti zote kwa usawa. Ikipita mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde, nguvu yake hushuka upesi.

Upungufu huo una faida kubwa. Amplifaya iliyozidishwa hukata vilele vya mawimbi ya umeme, na wimbi lililokatwa vilele huzaa mitetemo mipya ambayo haikuwamo mwanzo. Sauti ya mitetemo 440, vilele vyake vikikatwa sawasawa juu na chini, huzaa mingine ya 1,320, 2,200, 3,080 na kuendelea. Spika huichuja ile iliyo ya juu mno. Chujio likiondolewa, yote hulifikia sikio, na hao ndio nyuki waliotajwa.

Mpigo mmoja na mwitikio wake

Mwalimu akipiga kofi moja katika bwalo tupu, kofi lenyewe hudumu kitambo kidogo sana, lakini bwalo hujibu kwa mwangwi unaofifia taratibu. Jibu hilo ndiyo tabia ya bwalo. Sanduku la spika nalo lina jibu lake: likipewa mpigo mmoja mfupi wa umeme, koni ya karatasi hushtuka, mbao huvuma, kisha yote hutulia. Maikrofoni iliyowekwa mbele yake huunasa mwenendo huo, nao huitwa mwitikio wa mpigo.

Kwa vitendo, mpigo mfupi hubeba nguvu ndogo, na kelele za chumba huufunika kwa urahisi. Mwaka 2000 Angelo Farina wa Chuo Kikuu cha Parma, Italia, alieleza njia ya kutumia sauti inayopanda mfululizo kutoka nene hadi nyembamba. Kwa hesabu ya kinyume, mwitikio wa mpigo hupatikana kutokana na sauti hiyo iliyorekodiwa.

Hesabu yenyewe

Katika kompyuta sauti ni mfuatano wa namba, kwa mfano namba 48,000 kwa kila sekunde. Kila namba yaweza kuhesabiwa kuwa mpigo mmoja, mkubwa au mdogo. Kila mpigo huamsha mwitikio mzima kwa kadiri ya ukubwa wake, na miitikio yote hujumlishwa.

Mathalani, mwitikio uwe 4, 2, 1, na gitaa litoe namba mbili tu: 1, kisha 2. Namba ya kwanza huzaa 4, 2, 1. Ya pili huzaa 8, 4, 2, lakini huchelewa kwa hatua moja. Zikijumlishwa kwa kufuata hatua, jibu huwa 4, 10, 5, 2. Wanahisabati huiita kazi hii konvolusheni.

Mwitikio wa kweli waweza kuwa na namba 2,048, ambazo ni muda wa sekunde 0.043 hivi. Kwa sekunde moja ya muziki huhitajika kuzidisha mara zaidi ya milioni 98. Mzigo huo hupunguzwa sana na njia ya hesabu iliyotangazwa na Cooley na Tukey mwaka 1965.

Mipaka ya njia hii

Hesabu hii husimama juu ya sharti moja: kinachoingia kikiongezwa mara mbili, kinachotoka nacho kiongezeke mara mbili. Katika mfano uliotangulia, 2 na 4 zitatoa 8, 20, 10, 4. Spika isiyolemewa hulitii sharti hilo kwa karibu sana. Amplifaya iliyozidishwa hailitii hata kidogo, kwani vilele vilivyokwisha kukatwa havipandi tena. Kwa sababu hiyo mkwaruzo wa amplifaya hauwezi kunaswa kwa mwitikio wa mpigo. Programu isiyotumia amplifaya halisi hapana budi iuhesabu kwa njia nyingine, kisha ndipo mwitikio wa sanduku ufuate. Mpangilio huo ukigeuzwa, sauti hubadilika.

Aidha, mwitikio ni kama picha iliyopigwa kutoka mahali pamoja. Maikrofoni ikielekezwa katikati ya koni, sauti huwa kali. Ikisogezwa ukingoni, huwa nzito zaidi. Maikrofoni mbili zikipishana umbali wa sentimita 34, sauti hufika katika ile ya mbali ikiwa imechelewa sekunde 0.001 hivi. Zikichanganywa kwa nguvu sawa, mitetemo 500 kwa sekunde hufutana, na ile ya 1,000 huimarishana.

Mpigaji anayelalamika kwamba kompyuta haitoi sauti aliyoizoea ukumbini huenda hakukosea, wala programu yake haikukosea. Yeye amezoea kusimama hatua kadhaa kutoka kwenye spika, huku kuta zikimrudishia sauti. Kompyuta inamsikilizisha kile kilichosikiwa na maikrofoni iliyosogezwa karibu kabisa na koni.

Zoezi kwa wanafunzi

Tafuteni jibu la mwitikio 3, 1 ukipewa namba 2, 0, 1. Kisha geuzeni, namba 2, 0, 1 ziwe mwitikio na 3, 1 ziwe sauti ya gitaa. Elezeni kwa nini majibu ni sawa, na kwa nini usawa huo hautapatikana ikiwa amplifaya inayokata vilele itabadilishana nafasi na spika.