Vitabu vya mizimu vinavyopanda basi hadi Kampala

KAMPALA. Jumamosi asubuhi nilikwenda ofisi ya mabasi kuchukua kifurushi kutoka Dar es Salaam. Mbele yangu kwenye foleni walikuwa wenye vitenge na wenye vipuri vya pikipiki. Karani akauliza ndani kuna nini. Vitabu, nikajibu. Vya shule? Hapana, vya mizimu na nchi inayoelea angani. Foleni nzima ikacheka.

Mchana naandika habari za mipaka na ushuru. Usiku nasoma mambo yasiyowezekana, ugonjwa nilioupata tangu sekondari. Kando ya kitanda changu sasa kuna vitabu vitano, na hakuna hata kimoja kilichochapishwa Uganda, ingawa viwili vimeandikwa na Waganda.

Ninachokirudia ni Kintu cha Jennifer Nansubuga Makumbi, kilichoandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1750, Kintu Kidda, mtawala wa Buddu, anasafiri kwenda kwa kabaka. Njiani anampiga kofi kijana aliyemlea, mtoto wa Ntwire, mgeni kutoka Rwanda, na kijana anafariki. Ntwire analaani. Laana hiyo inawaandama wajukuu na vitukuu mpaka Kampala ya 2004. Wewe unayepeleka mzigo Mutukula unaijua njia hiyo: msafara wa Kintu unapita Lwera, kinamasi kile kile unachokikata ukielekea Masaka. Tangu nikisome, sijawahi kulala kwenye basi nikipita pale.

Mswada wake ulishinda shindano la Kwani? la Nairobi mwaka 2013, na kitabu kikatoka huko huko 2014. Yaani hadithi ya Buganda ilibidi ipitie Kenya kwanza ndipo iturudie nyumbani, kama kahawa yetu inavyorudi ikiwa kwenye kopo.

Wa pili ni Dilman Dila, mzaliwa wa Tororo, jirani kabisa na Malaba. A Killing in the Sun, hadithi fupi za mizuka na sayansi ya kubuni, zilichapishwa Afrika Kusini mwaka 2014. Nazisoma moja moja, maana zikifuatana zinaniharibia usingizi.

Kifurushi cha Jumamosi kilikuwa na vitatu vya Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, nilikiagiza kwa kudanganywa na jina. Nilitaka mzimu, nikapewa maiti na Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake. Sikujuta.

Kusadikika cha Shaaban Robert ndicho hasa nilichokuwa nakitafuta. Kilitoka mwaka 1951, na nchi yake iko hewani. Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha watu sheria. Akijitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, zikiwemo mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na habari za jinsi wengine wanavyoendesha mambo yao, na kila mmoja akatupwa gerezani. Kosa lao ni kuvuka mpaka na kurudi na wazo. Nimehudhuria vikao vya forodha ambavyo mwandishi yule angevitambua mara moja.

Cha mwisho hakina jini wala mzimu. Ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 2022. Yusuf, mtoto mdogo, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, kisha anaingia bara na msafara wa biashara. Aliyewahi kuweka kitu rehani ili apate mtaji hahitaji kuelezwa zaidi.

Julai 5, 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Mimi bado naagiza Shaaban Robert kwa basi. Katika duka nililoulizia hapa mjini nilionyeshwa kamusi na vitabu vya mazoezi. Nairobi ni karibu zaidi, ila tangu 2013 Kenya inatoza vitabu VAT ya asilimia 16, na mnunuzi wa kitabu kimoja kimoja kama mimi hana wa kumrudishia. Kwa nauli ya kifurushi kile cha Dar ningepata kitabu cha nne. Anayeleta marobota kila wiki anaweza kuchomeka vitabu kumi pembeni asione tofauti ya uzito, mradi avitaje kwenye karatasi zake.

Yule mama wa vitenge alisubiri nifungue kifurushi. "Hicho cha msafara wa biashara, mwanangu, niazime." Nikampa Peponi kabla sijafika nusu. Kimekwenda Busia, na mimi bado sijui Yusuf aliishia wapi.