Mteja Anayeuza Kimya Chake



Jioni moja baada ya sala ya Magharibi alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu, ameishika simu yake kama mtu aliyeshika kaa la moto. Mama huyu ni mjane. Hushona mabuibui na madira, huyauza kwa njia ya simu, na kwa kazi hiyo huwasomesha watoto watatu. Alikuwa amemuuzia mteja wa Nairobi buibui lenye tarizi kwa shilingi 4,500. Kifurushi kilipelekwa kwa basi siku ya Jumanne, kikapokewa Jumatano, na mteja akajibu kwa maneno ya shukrani. Jumatatu iliyofuata yakaja maneno mengine: buibui si zuri, nazitaka pesa zangu zote, na usiponirejeshea leo hii nitakutangaza katika kila kundi la akina mama nililomo na kukupa nyota moja. Juu ya kulirudisha buibui lenyewe hakutaja neno. Ukweli ni kwamba alikwisha kulivaa arusini siku ya Jumamosi, na picha yake nalo alikuwa ameiweka mwenyewe kwa wote kuiona.

Tulimwambia mama yule: mrejeshee, upate amani. Tulidhani tunaizima fitina. Mama alitutii, akatuma zile shilingi 4,500, nazo zilikuwa sehemu ya karo. Hazikupita wiki mbili, mteja wa pili, sahibu wa yule wa kwanza, akaleta madai yale yale kwa maneno yaliyokaribia kufanana herufi kwa herufi. Hapo tulitambua kwamba ushauri wetu ulikuwa wa haraka, na kwamba hatukuizima fitina bali tuliitia kuni. Tulimwomba radhi. Makala haya ni sehemu ya deni lile, maana twajua kwamba nyumba nyingi za pwani leo hupata riziki kwa njia hii: kuna anayeuza udi, anayeuza halua na achari, na mwenye kupika mahamri ya oda. Wengi wamekwisha kupigiwa baragumu hili la vitisho.

Maoni ni ushahidi

Tuanze na jambo lenyewe. Mnunuzi anapoandika kwamba kitu fulani ni kizuri au ni kibaya, anafanya nini? Anawatolea ushahidi watu wasiokiona. Wao watanunua au wataacha kwa kutegemea kauli yake. Basi ushahidi hauuzwi. Anayesema "nilipe, nami nitanyamaza" ameingia katika moja ya mambo mawili. Ikiwa bidhaa kweli ni mbovu, basi kimya alichokiuza ni haki ya wanunuzi wengine, nao watadanganyika kwa sababu yake. Na ikiwa bidhaa ni nzima, basi ubaya aliotishia kuuandika ni uongo. Kwa njia zote mbili, pesa ile hakuipata kwa ridhaa, na Qur'ani katika Suratun Nisaa imetukataza kuliana mali kwa batili isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Ridhaa inayotolewa kwa hofu si ridhaa.

Wanazuoni wamefafanua kwamba mwenye kulazimishwa kutoa mali ili ajikinge na dhuluma hana dhambi, na dhambi humwelemea aliyepokea. Kwa hivyo hatumlaumu dada aliyewahi kulipa kwa hofu. Lakini kutokuwa na dhambi ni jambo moja, na kuwa na busara ni jingine. Anayelipwa kwa kutisha hujifunza kwamba kutisha kunalipa.

Haki ya mnunuzi isimezwe

Hata hivyo, tusije tukamwona kila mnunuzi mwenye malalamiko kuwa ni mwizi. Sheria ya dini yetu imempa mnunuzi khiari kadhaa. Ipo khiari ya kikao, ambayo wawili wanaweza kuvunja mauzo kabla hawajaachana. Ipo khiari ya sharti, ambayo katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi hapa pwani, mwisho wake ni siku tatu. Na ipo khiari ya kasoro: mnunuzi akigundua ila iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa, ana haki ya kurudisha kitu na kupewa pesa yake. Lakini khiari hii ina adabu zake. Yapasa arudishe mara anapogundua, bila ya kukawia na bila ya kuendelea kukitumia. Aliyekwenda nalo buibui arusini, likapata doa la pilau, kisha siku ya tano akadai pesa bila ya kurudisha nguo, hana khiari ya kuidai.

Na sheria ya nchi nayo iko upande wa mnunuzi mkweli. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo inayagusa hata mauzo ya mtandaoni.

Je, mnunuzi aliyedhulumiwa akisema hadharani, huwa amesengenya? La. Imamu Nawawi katika Riyadhus Salihin amezitaja hali sita ambazo kumtaja mtu kwa ubaya wake si usengenyaji wa haramu, na miongoni mwake ni kushtakia dhuluma na kuwatahadharisha watu. Bibi Hindu binti Utba alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kumshtakia ubahili wa mumewe, Abu Sufiani, wala hakukemewa kwa kusema, maana alisema kweli mbele ya mwenye uwezo wa kumsaidia. Kwa hivyo mipaka iko wazi: sema lililotokea, kadiri ya haja, bila ya kuongeza chumvi wala kugusa nasaba, umbo au ndoa ya muuzaji.

Mlango wa vitisho hufungwa kabla

Aghalabu mwenye kutisha huingilia mlango ambao muuzaji mwenyewe aliuacha wazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika aya ndefu kuliko zote ya Qur'ani, iliyo katika Suratul Baqara, tumeamrishwa kuandikiana madeni na kuweka mashahidi tunapouziana. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kufika Mombasa na Kilwa, aliikuta desturi hii: kila mfanyabiashara mgeni alifikia kwa mwenyeji, naye mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia bila ya mwenyeji kuwapo, mauzo yake hayakukubaliwa. Wazee wetu walijua kwamba mauzo baina ya watu wasiojuana yahitaji mtu wa kati. Leo mwenyeji huyo hayupo, basi maandishi na picha zichukue nafasi yake.

Kwanza, elezeni kitu kwa ukweli wote. Andikeni kitambaa, vipimo, na rangi ilivyo mchana, si ilivyo chini ya taa. Kama tarizi ina uzi uliolegea, semeni. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji chini, alimkemea muuzaji kwa kutoliweka lile lililolowa juu watu walione. Picha iliyorembwa kupita kiasi ni rundo lile lile.

Pili, andikeni masharti ya kurudisha mapema, kwa lugha nyepesi, na mteja ayakubali kabla hajalipa: siku ngapi, nguo iwe haijavaliwa, nani atalipa nauli ya kifurushi, na vitu gani havirudi, kama vile chakula au nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mteja.

Tatu, pigeni picha kila kifurushi kabla ya kukifunga, na hifadhini risiti ya basi au jina la mwenye bodaboda. Ni bora pia malipo yaingie katika namba ya biashara, si namba ya simu ya nyumbani. Wako wanaopokea bidhaa kisha wakaomba muamala wa M-Pesa urudishwe kama waliokosea namba. Ukipata taarifa ya ombi kama hilo, usikawie: wapigie wahudumu ueleze kuwa malipo yalikuwa ya bidhaa, na uwe na ushahidi wako tayari.

Vitisho vikishafika

Biashara haigombi. Ujumbe wa hasira ukifika, usiujibu papo hapo. Tia udhu, au walau kunywa maji, kisha usome tena kwa swali moja tu: je, kuna kosa langu ndani yake? Likiwamo, lirekebishe hata kama mteja amekosa adabu. Ukali wa ulimi wake haufuti haki yake. Na ikiwa hakuna kosa lakini mteja amejutia kununua na kitu bado ni kizima, kumbuka fadhila ya ikala, yaani kukubali kuyavunja mauzo kwa hiari. Mtume (S.A.W.) ameahidi kwamba mwenye kumfanyia Mwislamu mwenzake hivyo, Mwenyezi Mungu atamsamehe kuteleza kwake. Hiyo ni hisani, na hisani hutolewa kwa moyo mweupe.

Ama ikiwa ni vitisho vitupu, hifadhi picha za skrini zenye tarehe na namba, kisha ujibu mara moja kwa upole. Mama yule wa mtaani kwetu tulimsaidia kuandika hivi:

"Dada, tumepokea malalamiko yako. Tafadhali tutumie picha ya kasoro unayoisema. Kosa likiwa ni letu, tutakubadilishia au tutakurejeshea pesa buibui litakaporudi. Ama maoni yako, ni haki yako kuyaandika kwa ukweli, nasi hatuwezi kuyanunua."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo inayomnyang'anya mtishaji silaha yake. Usimwombe asiandike, wala usimpe nusu ya pesa ili anyamaze.

Akiandika uongo, jibu chini ya maneno yake kwa ufupi: tarehe ya kupokelewa, masharti aliyoyakubali, na kwamba mlango wa kurudisha nguo uko wazi. Msomaji wa kesho atazipima kauli mbili. Pia toa taarifa kwa wenye jukwaa, maana majukwaa mengi yanakataza jambo hili. eBay, kwa mfano, ina kanuni inayomkataza mnunuzi kutumia tishio la maoni mabaya ili apate asichostahiki. Kuhusu sheria, kudai mali kwa vitisho ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Na madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka ikate kesi ndani ya siku 60. Lakini kwa buibui moja, twaona subira na maandishi mazuri yatangulie mahakama.

Na tunawausia wauzaji jambo moja zito: msilipize kwa kutangaza namba, picha au nyumba ya mteja. Hiyo ni dhuluma, na tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaweza kuwa kesi pia. Vilevile msiwape watu zawadi ili wawasifu kwa wasichokijua, wala msimlipe mteja mkweli afute neno la kweli. Anayenunua ushahidi na anayeuuza wako katika soko moja.

Neno kwa mnunuzi

Nanyi mama na dada mnaonunua, kumbukeni kwamba nyuma ya ile picha ndogo ya simu kuna mtu na sufuria yake ya jioni. Katika Hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha (R.A.), Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba miongoni mwa watu waovu mno ni yule ambaye watu humwacha kwa kuogopa uchafu wa ulimi wake. Mtu anaweza kurudishiwa shilingi 4,500, akadhani ameshinda, kumbe ameandikwa miongoni mwa hao.

Mtauliza, je, mteja wa pili alifanya nini? Hakutuma picha, wala nguo hakuirudisha. Aliandika aliyotishia kuyaandika, na maneno yake yapo hadi leo. Mama alijibu chini yake kwa sentensi nne. Mwezi ule oda zilipungua, na hatutasema haikumuuma. Kisha mteja wake mmoja wa Malindi, anayenunua kwake tangu zamani, akaandika bila ya kuombwa: nimenunua kwake mara sita, mara moja alikosea kipimo, naye akalishona tena kwa gharama yake. Kauli ile, yenye kosa ndani yake na kosa kurekebishwa, imewaleta watu zaidi kuliko sifa tupu. Mteja wa tatu mwenye vitisho hajatokea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki za nyumba zetu, azifanye ndimi zetu na vidole vyetu viandike kweli, na amrudishie mama yule kwa njia nyingine kilichompotea kwa ushauri wetu. Amin.